Prado ya dizeli na taima ya turbo

SWALI: Mafundi, habari za kazi? Nina Prado ya dizeli yenye injini ya 1KZ-TE, iliyotumika Japani kabla ya kuletwa hapa. Fundi umeme ananisihi nifunge taima ya turbo, ili injini iendelee kuunguruma kwa muda baada ya kuchomoa ufunguo. Anasema bila hiyo turbo itakufa, maana napandisha mlima Kitonga mara kwa mara. Je, ni kweli?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Hapana, ndugu. Pesa hiyo nunulia oili na filta.

Hofu ya fundi wako ina msingi, lakini. Turbo ni kifeni kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa zaidi kwenye injini. Shafti yake inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea kwenye utando mwembamba wa oili. Ukizima injini, pampu ya oili inasimama papo hapo, huku joto la upande wa ekzosi likihamia kwenye beringi. Oili iliyobaki humo inaungua na kuwa masizi magumu, yanayokwangua beringi na kuziba bomba dogo la oili. Ila moshi wa dizeli hauna joto kali kama wa petroli, na hupoa haraka ukiachia pedeli.

Kwa hiyo angalia umeendeshaje dakika za mwisho. Umetoka kwenye mizunguko ya mjini? Zima tu. Ulikuwa kwenye kilomita 80 kwa saa ukaingia kituo cha mafuta, subiri sekunde 20; kilomita 100, dakika moja. Ukipandisha Kitonga na mzigo kisha ukasimama pale pale juu, mpe dakika mbili. Ukiendelea taratibu hadi Ilula, turbo itakuwa imeshapoa njiani. Kuunguruma dakika kumi hakuongezi kitu zaidi ya masizi na gharama ya mafuta.

Taima yenyewe ina hatari zake. Gari la gia za mkono haliwezi kuachwa kwenye gia huku linaunguruma, hivyo mlimani linashikiliwa na breki ya mkono peke yake, na ndani hamna mtu. Tena taima huungwa kwenye waya za swichi ya kuwashia, ambazo hubeba umeme mwingi. Kiungo kibovu kinapata moto na kuzima gari barabarani. Kama gari lilikuja nayo, tazama chini ya usukani: mara nyingi imechomekwa kati ya soketi mbili. Ichomoe, urudishe soketi za asili pamoja.

Kinachoua turbo nyingi ni oili chafu. Badilisha oili na filta kila kilomita 5,000, na asubuhi usikanyage mafuta kwa nguvu injini ikiwa ndiyo kwanza imewaka. Ukiwa na shaka, ngoja injini ipoe, fungua mpira wa hewa unaoingia kwenye turbo, shika ncha ya shafti. Kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida. Ikicheza kwa kuingia na kutoka, au mapanga ya turbo yakigusa ukuta wake, ipeleke ikafunguliwe kabla hujapanda tena Kitonga.