Dawa ya baridi yabisi: wasiwasi wenu na majibu yetu

Barua tulizochagua mwezi huu zinahusu baridi yabisi ya viungo, ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo vya mwenyewe. Zote zinagusa dawa moja, methotreksati. Kwenye pakiti mtaliona jina lake limeandikwa Methotrexate.

SWALI: Nina miaka 41. Vidole na magoti yananivimba tangu mwaka jana, na asubuhi huchukua saa nzima kabla sijaweza kufunga vifungo vya blauzi. Daktari amesema ni baridi yabisi, akaniandikia methotreksati, vidonge vinne kwa wiki, na asidi ya foliki. Nilipofungua pakiti nikasoma kwenye karatasi kwamba hii ni dawa ya saratani. Dada yangu anasema nitanyonyoka nywele na ini litaharibika. Wiki ya tatu sasa dawa iko kabatini, sijaigusa. Nifanye nini?
*Mama wa watoto wanne, Arua*

JIBU: Pole sana, mama. Karatasi haijakudanganya. Methotreksati ilianza kama dawa ya saratani na bado inatumika hivyo. Tofauti iko kwenye kiasi. Vidonge vyako vinne, kama ni vya miligramu 2.5, vinafanya miligramu 10 kwa wiki nzima, wakati mgonjwa wa aina fulani za saratani hupewa mamia, hata maelfu ya miligramu kwa mkupuo mmoja. Kwa kiasi chako, kazi ya dawa ni kuituliza ile kinga inayoshambulia utando wa ndani ya viungo. Marekani iliidhinisha matumizi haya mwaka 1988, na mpaka leo ndiyo dawa ambayo madaktari wengi huanza nayo.

Pima pia hatari ya kukaa bila dawa. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza maumivu, lakini mifupa ya viungo inaendelea kuliwa, na mwingi wa uharibifu huo hutokea miaka ya mwanzo. Kidole kikishapinda, hakuna kidonge cha kukinyoosha. Kwa hiyo ushauri wetu ni kwamba uanze, ila kabla ya kumeza hakikisha vipimo vya mwanzo vimefanyika: wingi wa damu na chembe zake, ini, figo, homa ya ini B na C, virusi vya ukimwi, na picha ya kifua. Kipimo cha homa ya ini B usikubali kirukwe, hasa kwa kuwa uko eneo la West Nile. Virusi hivyo vimeenea zaidi huko na kaskazini kuliko sehemu nyingine za Uganda, na mtu anaweza kuishi navyo bila dalili yoyote mpaka dawa ya kutuliza kinga iviamshe.

Sasa tukuambie kinachotutia hofu sisi. Madhara makubwa ya dawa hii, na hata vifo, mara nyingi hutokana na kuimeza kila siku badala ya mara moja kwa wiki. Kosa hilo ni rahisi kutokea. Bahasha ya duka la dawa huandikwa kwa mazoea, 1×1 au 1×3, na mtu aliyezoea dawa za malaria humeza hivyo hivyo. Chagua siku moja, tuseme Jumapili baada ya chakula cha jioni, na uandike neno zima JUMAPILI kwenye boksi. Usiandike J2 wala J4, kwa sababu mtu mwingine nyumbani anaweza kudhani ni idadi ya vidonge. Kila ukinunua upya, soma namba iliyo kwenye pakiti. Vipo vidonge vya 2.5 na vipo vya 10. Vinne vya 10 ni miligramu 40, mara nne ya ulichoandikiwa. Ukisahau siku yako, unaweza kumeza ndani ya siku mbili zinazofuata. Zikishapita, acha mpaka wiki ijayo, na kamwe usimeze dozi mbili pamoja kufidia.

Asidi ya foliki ndiyo kinga yako dhidi ya kichefuchefu, vidonda vya mdomo na kusumbuliwa kwa ini. Wengi huandikiwa kidonge cha miligramu 5 mara moja kwa wiki, siku tofauti na ya methotreksati, ingawa wapo wanaopewa kwa siku nyingi zaidi. Fuata ulivyoandikiwa. Vile vidonge vya kliniki ya wajawazito vyenye madini ya chuma haviwezi kuchukua nafasi yake, kwani vina mikrogramu 400 tu.

Kuhusu ini, dada yako hajakosea kabisa. Dawa inaweza kulisumbua, ndiyo maana damu hupimwa kila wiki 2 hadi 4 kwa miezi mitatu ya kwanza, kisha kila wiki 8 hadi 12. Majibu yakianza kubadilika, daktari hupunguza dozi au huisimamisha, na mara nyingi ini hurudi sawa. Mtu anayemeza bila kupima ndiye hugundua wakati amechelewa. Daftari lako la hospitali liwe na ukurasa mmoja wa majibu haya tu, tarehe kwa tarehe, ili hata ukihudumiwa na daktari mgeni aone mwelekeo. Nywele za baadhi ya watu hupungua kidogo. Ni nadra zikatoka sana, na huota tena dozi ikipunguzwa au dawa ikiachwa.

Kichefuchefu na uchovu wa siku inayofuata ni vya kawaida mwanzoni. Meza usiku ukiwa umeshiba, ili sehemu kubwa ya kero ipite umelala. Kikizidi, mwambie daktari. Anaweza kuigawa dozi hiyo hiyo sehemu mbili ndani ya siku ile ile moja, akuongezee asidi ya foliki, au akuhamishie kwenye sindano ya chini ya ngozi.

Usitarajie nafuu wiki ya kwanza. Huchukua wiki 6 hadi 12, na hapa ndipo wengi hukata tamaa, wanaacha dawa wiki ya nne wakisema haifanyi kazi. Kila Jumamosi andika dakika ambazo viungo vimekakamaa asubuhi ile. Kushuka kutoka 60 hadi 40 huwezi kukuhisi kwa kukumbuka tu, lakini kwenye karatasi kunaonekana. Kama daktari amekupa prednisoloni ya kukuvusha kipindi hiki, usiikatishe ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo.

Na huyo dada yako, nenda naye kliniki siku ya majibu. Anakuogopea kwa sababu anakupenda, na hofu yake itajibiwa vizuri zaidi na daktari mwenyewe kuliko na wewe jioni jikoni.

SWALI: Nimeanza methotreksati mwezi uliopita. Huku malaria haiishi. Nikipata homa niendelee na dawa zote mbili? Na duka la dawa la mtaani huwa wananipa Septrin kwa kifua.
*Kijana wa boda, Jinja*

JIBU: Tuanze na Septrin, ndugu yetu, kwa kuwa ndiyo yenye hatari kubwa. Usiimeze kabisa ukiwa kwenye methotreksati. Zote mbili huzuia kazi ya asidi ya foliki mwilini, na Septrin pia hupunguza uwezo wa figo kuitoa methotreksati. Zikikutana, uboho wa mifupa unaweza kuacha kutengeneza damu. Fansidar nayo ina tabia ya namna hiyo hiyo. Ukiingia duka lolote la dawa, tamka kwanza kwamba unatumia methotreksati, kabla hujaeleza unachoumwa. Anayemeza Septrin kila siku kwa sababu ya virusi vya ukimwi asiiache kwa uamuzi wake. Amwambie daktari kabla ya kuanza methotreksati, apangiwe njia nyingine.

Ukipata homa, pima malaria siku hiyo hiyo. Ikionekana, tumia Coartem kama kawaida. Isipoonekana, usirudi nyumbani kulala. Omba kipimo cha damu kamili, kwa sababu homa inaweza kuwa ishara kwamba chembe nyeupe zimeshuka. Siku yako ya methotreksati ikikukuta na homa, au unatapika na kuharisha, iruke dozi hiyo na uwasiliane na kliniki. Mwili uliokauka maji hufanya figo zizembee, na dawa hubaki kwenye damu muda mrefu kupita kiasi.

Kikohozi kikavu kipya kinachoambatana na kukosa pumzi, vidonda vya mdomo vinavyokuzuia kula, michubuko au kutoka damu bila sababu, macho kuwa ya manjano: lolote kati ya haya likitokea, acha kumeza na uende hospitali bila kungoja asubuhi.

SWALI: Nimeolewa mwaka huu, ukweni wanasubiri mjukuu. Daktari ametaja methotreksati. Naweza kuanza kwanza?
*Binti wa Mbale*

JIBU: Hapana, dada, si kama mnatafuta mtoto sasa. Dawa hii huharibu mimba na inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Anayeitumia anahitaji uzazi wa mpango wa kuaminika, na kwa kawaida huacha miezi mitatu kabla ya kujaribu kushika mimba. Wakati wa kunyonyesha pia haitumiki. Mwambie daktari wazi nia yenu, kwa sababu haidroksiklorokwini na salfasalazini hutumika hata katika ujauzito, na anaweza kuanza na moja kati ya hizo. Ukichagua kungoja mwaka mmoja ili viungo vitulie kwanza, huo nao ni uamuzi halali, na ni wako na mumeo kabla ya kuwa wa ukoo. Mimba ikiingia ghafla ukiwa tayari umeanza dawa, iache mara moja, endelea na asidi ya foliki, na umwone daktari wiki hiyo hiyo.

SWALI: Je, malwa na dawa za mizizi?
*Mzee, Soroti*

JIBU: Mzee wetu, shikamoo. Pombe na methotreksati hulemea ini lile lile. Waragi iache. Malwa nayo weka kando angalau miezi mitatu ya kwanza, mpaka vipimo vionyeshe ini limetulia, kisha muulize daktari kiasi. Mizizi usichanganye, kwa sababu majibu ya ini yakiharibika hakuna atakayejua kilicholiharibu ni kipi, na daktari atalazimika kuisimamisha dawa iliyokuwa ikikusaidia.

SWALI: Nasafiri nje mwakani na sina kadi ya homa ya manjano. Nichanje lini?
*Msomaji, Kampala*

JIBU: Kabla ya kidonge cha kwanza. Chanjo hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo inafaa itangulie dawa kwa wiki nne hivi. Tangu 2016 sindano moja hutambuliwa kwa maisha yote, hutahitaji kurudia. Kama umeshaanza methotreksati, usichanje kimyakimya uwanjani Entebbe. Mwambie daktari wako. Anaweza kukuandikia barua ya msamaha wa chanjo, na kabla ya kukata tiketi uulize ubalozi wa nchi unayokwenda kama wanaipokea.