Barua ya udaktari Marekani siyo barua ya serikali ya mtaa

Juzi mdogo wangu mmoja hapa Minnesota kanitext usiku wa manane, "kaka nimepata daktari bingwa wa moyo kakubali kuniandikia barua!!" na vimoyo vya kutosha. Barua yenyewe ni ile ya kukupendekeza (recommendation) unapoomba chuo cha udaktari. Nikamuuliza umemjua lini huyo daktari. Akasema alishinda naye kazini siku mbili akimwangalia anavyofanya kazi, wiki iliyopita. Nikakaa kimya kwanza maana sikutaka kumvunja moyo, halafu nikaona bora niandike hapa tu ili wengine mnaoomba medical (chuo cha udaktari) mwaka huu msome pia.

Shida yetu wabongo inaanzia nyumbani. Sisi barua tunayoijua ni ile ya serikali ya mtaa, unaenda kwa mwenyekiti, hakujui wewe wala baba yako, anauliza unakaa nyumba gani, anaandika mistari minne kwamba mtajwa hapo juu ni mkazi wangu, anagonga muhuri umemaliza. Kwa hiyo tukifika huku akili inatutuma kutafuta muhuri mkubwa, profesa mwenye jina, daktari bingwa, mtu mwenye herufi nyingi nyuma ya jina lake. Kumbe hawa jamaa wa vyuo vya udaktari wanatafuta shahidi, mtu aliyekuona kwa macho yake ukifanya jambo. AAMC, yaani umoja wa vyuo vya udaktari vya Marekani, ambao ndio wenye mfumo wa kuombea wa AMCAS, wana mwongozo kabisa wa waandishi wa barua na wanawaambia waeleze wamekujua kwa muda gani na katika mazingira gani, na barua iongelee mwombaji siyo kozi. Sasa bingwa wa siku mbili ataandika nini hapo? Ataandika kwamba ulikuwa msafi na uliuliza maswali mazuri.

Mimi mwaka wa kwanza wa kuomba niliingia mkenge huohuo. Nilikuwa na A ya kemia ya oganiki, darasa la watu zaidi ya mia tatu, profesa ana tuzo hadi ukutani hazienei, nikamwandikia imeili akajibu siku hiyohiyo "sawa, nitumie CV yako". Nikashangilia kweli. Yani sikujiuliza kwa nini anahitaji CV ili anijue. Sikuitwa intavyu hata moja. Baadaye mshauri wetu wa pri-medi (wanafunzi wanaojiandaa kuomba udaktari) akaniambia kwa kuzungukazunguka, maana barua zile ni siri, kwamba safari nyingine tafuta watu wanaokufahamu. Nikaelewa.

Mwaka uliofuata nikaenda kwa profesa wa biokemia ambaye kwake nilipata B plus. Ndiyo, B plus. Test ya kwanza nilianguka vibaya nikawa kila Alhamisi niko mlangoni kwake saa za ofisi, ananichoresha njia za kimetaboliki ubaoni mpaka anachoka yeye, na mwisho wa semesta mimi ndiye nilikuwa nawaelekeza wengine kwenye korido. Yule ana cha kusimulia. Na wa pili ni nesi mkuu wa nesingi homu nilikokuwa nabeba boksi shifti za usiku, kuogesha wazee, kubadilisha mashuka, na kusema ukweli nilikuwa naona aibu kumuomba maana siyo daktari, nikaona kama nitajishusha.

Basi siku ya intavyu, daktari anayenihoji akafungua faili akaniambia, nieleze habari za yule mzee aliyekuwa anakataa kuoga. Nilishtuka! Mimi hiyo stori sikuiandika popote. Yule mzee alikuwa mwanajeshi zamani, anarusha ngumi kila mtu akimgusa, mimi nikagundua ukimpa taulo ajifunike kwanza na ukimwambia kila unachotaka kufanya kabla hujafanya, anatulia kama mtoto. Kwangu ilikuwa kazi ya kawaida tu. Nesi alikuwa anaangalia kumbe. Tukaongelea huyo mzee nusu saa nzima.

Kuhusu idadi, vyuo vingi vinataka maprofesa wawili wa sayansi na mmoja asiye wa sayansi, halafu unaongeza wa utafiti au wa kazini au daktari, ila kila chuo kina yake kwa hiyo ingia kwenye tovuti ya kila kimoja usome. Chuo chako kikiwa na kamati inayotoa barua ya pamoja, itumie. AMCAS inapokea hadi barua 10 lakini usijaze kama daladala, barua nne zenye nyama zinatosha kabisa. Msaidizi wa profesa akikujua vizuri kuliko profesa mwenyewe, muombe aandike yeye na profesa asaini pia. Mjomba daktari na mchungaji waache wakuombee kwa Mungu.

Kuna ile sehemu ya kukubali kutoisoma barua, wengi mnaogopa, mnaona kama mnadhulumiwa. Kubali. Barua ambayo mwombaji anaweza kuisoma haiaminiki sana.

Na kuomba kwenyewe, nenda mwezi wa pili au wa tatu, maana maombi yanaanza kutumwa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni na maprofesa wakienda likizo huwapati tena. Nenda ana kwa ana. Usiulize tu "unaweza kuniandikia?" maana mtu muungwana atasema ndiyo. Uliza "unaona unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua nzuri?" halafu nyamaza, muangalie usoni. Sisi tumelelewa kutomsumbua mkubwa kwa hiyo hapa unaweza kutokwa jasho, mi nilitokwa. Akisita, au akianza kusema yuko bize sana, mshukuru uondoke, amekusaidia sana huyo kuliko aliyekubali kwa aibu.

Nilivyopata nafasi nilimpigia nesi kabla hata ya mama, maana nyumbani ilikuwa saa tisa usiku. Alilia kidogo, mi nikalia kidogo, halafu akaniuliza, "kwa hiyo Jumamosi nani anakushikia shifti?"