Stata ya volti 24 haitaliongezea nguvu trekta la volti 12

Ndugu uliyeuliza kuhusu trekta la Massey Ferguson 135 la mzee wako kule Shimba Hills, umeeleza kwamba stata, yaani mota ya kuwashia injini, inazungusha injini kwa uvivu, kwamba fundi wa jirani amekushauri ununue stata ya volti 24 iliyotoka kwenye injini ya boti ili upate nguvu zaidi, na kwamba betri yako ni moja tu, ya volti 12. Jibu langu ni usiinunue. Nimefanya kazi ya umeme wa magari hapa Changamwe kwa miaka kumi na tisa, na kosa hilo nimeshalifanya kwa mikono yangu mwenyewe.

Nililetewa trekta kama hilo kutoka Kilifi, stata yake ikiwa imeungua amecha, sehemu ya ndani inayozunguka. Muuza vipuri vya mitumba akanipa nyingine iliyopakwa rangi nyeusi mpya. Mashimo ya boliti yalilingana, na meno ya bendiksi, gia ndogo ya stata inayosukuma injini, niliyahesabu mara mbili nikaridhika. Nilipozungusha ufunguo, injini ilijiinua nusu mzunguko ikarudi kukaa, kama mzee aliyetaka kuondoka barazani akaghairi. Nikailaumu betri, nikaazima nyingine, mambo yakawa yale yale. Nikabadilisha waya mnene wa betri, bado. Magharibi ilipokaribia ndipo nilipokwangua ile rangi kwa msasa, nikakuta kibati kilichochongwa volti 24. Injini za Perkins, kama iliyo kwenye trekta hilo, hutumika pia kwenye boti na jenereta, ndiyo maana stata ilikaa mahali pake bila kugoma.

Sababu yenyewe ni hii. Stata ya volti 24 husukwa kwa waya wenye ukinzani mkubwa zaidi, kwani kwa volti mara mbili inahitaji nusu tu ya mkondo ili kutoa nguvu ile ile. Ukiilisha volti 12, mkondo unaopita hupungua kwa nusu, na kwa kuwa volti nazo ni nusu, nguvu inayobaki ni kama robo. Robo hiyo haitoshi kushinda mgandamizo wa injini ya dizeli. Kwa hiyo fundi wako ameona namba kubwa akadhani ni nguvu kubwa, ilhali namba ile inaeleza stata inahitaji kulishwa nini.

Kinyume chake, yaani kuilisha stata volti zaidi ya zake, hakina ukali kama huo, ingawa kina hasara zake. Matrekta kama Ford 8N yalitoka kiwandani Marekani yakiwa na mfumo wa volti 6, na wengi walioyageuza kuwa ya volti 12 waliiacha stata ile ile ya zamani. Huzunguka kwa kasi sana na hudumu, maadamu unaigusa kwa sekunde chache tu, lakini bendiksi hurushwa kwa kishindo kwenye meno ya flaiwili, gurudumu zito la injini, na siku meno yakikatika utalazimika kulitenganisha trekta katikati. Taa, koili ya kuwashia na geji hazina uvumilivu huo, zinaweza kuungua.

Usidanganywe pia na maandishi ya betri. Nimeona matrekta ya zamani yenye betri mbili za volti 6 zilizofuatanishwa, mwenye nazo akisoma 6 kwenye betri moja na kuapa kwamba mfumo wake ni wa volti 6. Weka mita kwenye ncha mbili za mwisho, usome jumla. Na ukikuta chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, usiogope kwamba stata itazunguka kinyumenyume: stata za zamani zenye koili za sumaku huzunguka upande ule ule hata ukigeuza nyaya. Altaneta, ile inayochaji betri, ndiyo itakayoungua diodi zake ukigeuza, na stata za kisasa zenye sumaku ya kudumu ndizo zinazogeuka.

Sasa turudi kwenye trekta lako, kwa sababu nashuku kwamba stata yako haina ubaya wowote. Weka gia huru, vuta kitasa cha kuzimia injini ili isiwake, kisha mtu mmoja azungushe ufunguo huku wewe ukisoma mita. Betri iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6. Wakati wa kuzungusha, ikishuka chini ya 9.6 betri imechoka, au stata inakula kupita kiasi. Ikiwa betri inabaki 11 lakini kwenye stata yenyewe unasoma 9, volti mbili zinapotelea njiani. Halafu gusa ncha ya betri iliyofungwa kwenye bodi, kwa kawaida hasi, kwa waya mmoja wa mita na bodi ya stata kwa mwingine, injini ikizungushwa: ikizidi nusu volti, waya wa kwenye bodi ndio mgonjwa.

Huku kwetu Pwani nimekuta ugonjwa huo mara nyingi kuliko stata mbovu. Hewa ya chumvi huingia chini ya plastiki ya waya, na ukiukata unakuta shaba imegeuka unga wa kijani, ingawa kwa nje unang'aa. Badilisha kwa waya wa mashine ya kuchomelea wa milimita mraba 50, kwangua rangi na kutu pale unapofungwa mpaka chuma kionekane cheupe, kaza, kisha upake grisi juu. Usipake grisi kwanza, maana nimeona watu wakifanya hivyo.

Baada ya hapo pima tena. Ikiwa kwenye stata unapata volti 10 au zaidi na bado inajivuta, ifungue utazame brashi zinazopitisha umeme kwenye amecha na bushi zinazoshikilia ekseli yake kabla hujafikiria kununua nyingine, na hiyo nyingine iwe ya volti 12.