Akikuambia ameona chombo angani, muulize kabla hajafika barazani

Ndugu yako akirudi na habari kwamba ameona kitu cha ajabu angani, usimcheke, wala usiharakishe kumweleza alichokiona. Muulize, tena muulize akiwa peke yake. Nafundisha fizikia hapa Tanga na majirani wamezoea kuniletea habari za namna hii. Ikishapita kwenye kahawa na kashata, ni vigumu kujua kipi kilionekana na kipi kimeongezwa.

Mpwa wangu ni mvuvi wa Sahare. Alfajiri moja yeye na wenzake walirudi wakisema taa kubwa nyeupe imewafuata kutoka upande wa Pemba mpaka pwani. Kufikia adhuhuri, ile taa ilikwisha kuwa na madirisha. Nikamwita mpwa wangu pembeni, kisha nahodha wake, kila mmoja kwa wakati wake. Mlikuwa mnaelekea wapi? Ilikuwa juu kiasi gani? Ilipoteaje? Majibu yalilingana, na hakuna aliyetaja dirisha. Taa ilikuwa nyuma yao, mashariki, ikipanda taratibu, ikafifia kulipokucha. Ile ni sayari ya Zuhura. Kitu kilicho mbali mno hakionekani kubaki nyuma unaposogea, ndiyo maana hata mwezi huonekana kulifuata basi la Muheza. Kijana hakusema uongo hata kidogo, na nilimwambia hivyo mbele ya wenzake.

Kwa nini nasisitiza mmoja mmoja? Mwaka 1935 mwanasaikolojia Muzafer Sherif alichapisha jaribio lake la chumba chenye giza totoro. Watu walionyeshwa nukta ya mwanga isiyosogea, na machoni pao ikasogea, kwa sababu jicho lilikosa kitu cha kulinganishia. Kila aliyepimwa peke yake alikuwa na makadirio yake. Walipokaa pamoja wakasikilizana, makadirio yakakaribiana. Baharini usiku hali haina tofauti kubwa, na baraza hukamilisha kazi. Magazeti nayo hufanya hivyo hivyo: Juni 1947 rubani wa Marekani, Kenneth Arnold, alieleza kuwa vitu tisa alivyoviona karibu na Mlima Rainier vilikwenda kama kisahani kinachorushwa juu ya maji. Alikuwa akieleza mwendo. Yakaandikwa maumbo ya visahani, na watu wakaanza kuona visahani.

Ukiona msururu wa taa zinazofuatana kimya kimya baada ya magharibi, fikiria kwanza satelaiti za Starlink, ambazo hurushwa kwa makundi tangu Mei 2019.

Anayesema kiumbe kimemjia chumbani anahitaji upole zaidi. Tunapoota, ubongo huzuia misuli isitende yale tunayoyaota. Ukizinduka kabla misuli haijaachiwa, unabaki macho wazi, kifua kizito, huwezi kuita mtu, na ndoto bado inaendelea mbele yako. Ni jinamizi hilo. Mwaka 1995, hofu ya Popobawa, jini linalosemekana kuwavamia watu usiku wakiwa wamelala, ilipotanda Pemba na Unguja, watu walikesha nje kwa makundi. Marekani, baadhi ya wanaopatwa na jinamizi husimulia viumbe wenye macho makubwa waliowateka. Naamini mwili unapitia jambo lile lile, ila sura ya mgeni hutoka katika masimulizi mtu aliyokulia. Hofu yake ni ya kweli kabisa. Muulize amekuwa akilalaje, amechoka kiasi gani, analala chali? Ikijirudia, msindikize kituo cha afya.

Wala kuamini kwamba kuna uhai kwingine si ujinga. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz walitangaza sayari inayoizunguka nyota inayofanana na jua letu, na leo zimethibitishwa sayari zaidi ya 5,000 nje ya mfumo wetu. Uhai haujapatikana katika hata moja. Swali hilo ni kubwa na zuri, nami hulifundisha kwa furaha, lakini taa ya Sahare haiwezi kulijibu.

Visa vingine vitabaki bila jibu. Jeshi la anga la Marekani lilipofunga uchunguzi wake wa vitu visivyojulikana angani mwaka 1969 lilikuwa limekusanya taarifa 12,618, na 701 hazikutambuliwa. Kisa cha namna hiyo kikinifikia, naandika saa, upande wa dira na maneno ya shahidi, kisha naandika "haijajulikana", hata wazee wakinung'unika. Nawe ukipiga picha, hakikisha mnazi au paa la nyumba limeingia pembeni, maana taa peke yake gizani haipimiki.