Kuhusu vidonge unavyotaka kumtumia mdogo wako

Newala, Mtwara

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea. Unauliza kama si heri tumtilie mdogo wako vidonge vya disalfiramu katika uji, bila yeye kujua, ili pombe imchukize. Najua umeuliza kwa uchungu, kwa kuwa ndiwe uliyembeba mgongoni; hata hivyo nakusihi usivitume.

Disalfiramu huuzuia mwili usiivunje pombe hadi mwisho, hivyo sumu iitwayo asetaldehidi hujaa katika damu, na mnywaji hutapika, huumwa kichwa na moyo humwenda mbio. Akiwa amekunywa nipa, ile pombe kali ya mabibo ya kienyeji ambayo hakuna aujuaye ukali wake, presha yaweza kushuka hadi akapoteza maisha. Ndiyo maana sisi wauguzi tulifundishwa kwamba hapewi asiyejua anachomeza, wala aliyekunywa pombe ndani ya saa 12 zilizopita.

Zipo dawa nyingine: naltreksoni, inayopunguza raha ya pombe na hamu ya kuirudia, na akamprosati, inayomsaidia aliyekwisha kuacha. Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2023. Lakini ushahidi wake mwingi umetoka kwa watu wazima, kwa hiyo daktari akiamua kumwandikia kijana wa miaka 16 itambidi apime kwanza, hasa ini, kisha amfuatilie kwa karibu, huku ushauri nasaha, nasi wazazi tukiwamo, ukibaki kuwa matibabu yenyewe.

Linalonitia hofu zaidi ni jingine. Tangu mabibo, matunda ya mkorosho, yaanze kuanguka, mdogo wako huanza asubuhi na uraka, pombe ya mabibo hayo, na asipoupata mikono humtetemeka. Mtu aliyefikia hapo, akikatishwa pombe ghafla nyumbani, anaweza kupatwa na degedege au kuweweseka. Hospitalini hupewa diazepamu kwa siku chache, kwa kipimo kinachopunguzwa taratibu, pamoja na vitamini B1. Baba yako alitaka kumfungia chumbani, nikakataa.

Jana usiku nilimweleza yote haya, hata habari ya uji. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza kama anaweza kulazwa bila wenzake wa shule kujua. Nilimjibu kwamba siri ya mgonjwa hutunzwa. Jumatatu tunakwenda naye Hospitali ya Ligula, Mtwara mjini. Fedha ya vidonge itume iwe nauli yetu, na umpigie simu kabla hatujaondoka.

Mama yako