Mbegu iliyobadilishwa vinasaba kwa ajili ya ukame: ni haramu?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Misimu miwili mvua imetukosa. Nimepata mahindi yaliyobadilishwa vinasaba ili yastahimili ukame, lakini imamu wetu anasema kuyapanda ni kumtii Shetani. Nina watoto. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumu salaam ndugu yangu, Allah akufungulie riziki. Swali lako limeniumiza. Mtu ambaye ghala lake ni tupu anaitwa mfuasi wa Shetani bila dalili?

Mbegu hiyo si haramu. Aya wanayoishika wanaoiharamisha ni Suratun-Nisaa 119, Shetani anapoapa kwamba atawaamrisha watu wabadili alichoumba Allah. Isomeni yote, msiikate katikati! Kabla tu ya maneno hayo yametajwa masikio ya wanyama kukatwa, na hiyo ilikuwa ada ya washirikina kwa ajili ya masanamu yao. Wapo wafasiri wa mwanzo waliosema kinachobadilishwa hapo ni dini yenyewe ya Allah. Mahindi yameingiaje? Na kama kubadili mmea ni haramu, basi hata mahindi ya babu zetu ni haramu, kwani asili yake ni nyasi ya Meksiko, teosinte, ambayo wakulima waliichagua kwa maelfu ya miaka mpaka ikatoa gunzi. Mtume (s.a.w.) aliwakuta watu wa Madina wakitia chavua ya mtende dume kwenye kole la mtende jike, akadhani jambo hilo halina faida. Wakaacha, mazao yakapungua, akawaambia wao ni wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao. Hadithi hii ameipokea Imamu Muslim.

Wanasema pia mbegu hiyo imetiwa kijidudu. Aina moja iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2011 ina kinasaba cha Bacillus subtilis, bakteria wa udongoni, ambaye ndiye anayechachusha soya za natto zinazoliwa Japani. Najisi iko wapi?

Mimi nahofia zaidi deni na mkataba. Usiinunue kwa mkopo wa riba. Uliza kama unaruhusiwa kuhifadhi mbegu ya msimu ujao. Mara nyingi mkataba hukataza, na Waislamu hufungwa na masharti yao. Usitupe mbegu yako ya zamani. Panda hii sehemu ya shamba kwanza, kwa sababu husaidia mvua inapopungua, haioti kwenye vumbi. Chavua ya mahindi hubebwa na upepo, kwa hiyo mwambie mapema jirani anayejiwekea mbegu, ana haki kwako. Na imamu wako usimhame. Mwombe awasalishe swala ya kuomba mvua, nawe usimame safu ya mbele.