Kabla Masika Hayajashika: Jivu, Maji ya Chumvi na Kotmiri

SWALI: Assalaam alaikum Bibi. Nakaa Langoni, Lamu. Katika kiwanda cha nyumba, yaani uani, nina matuta mawili madogo ya sukuma wiki, mchicha na kotmiri (dania). Nanyunyiza maji ya kisima asubuhi na jioni, nayo yana chumvichumvi. Sukuma imeungua pembeni mwa majani, mchicha umegeuka manjano, na kotmiri imetoa maua kabla haijafika hata shubiri. Jirani aniambia nitie jivu. Mvua zi karibu, nianze wapi? *Mama wa Langoni*

JIBU: Waalaikum salaam mwanangu. Jivu usitie. Jirani yako ana nia njema, na huko bara kwenye udongo mchachu jivu lasaidia kweli. Lakini sisi twakaa juu ya matumbawe. Mchanga wetu una chokaa tangu asili, na nyumba zenyewe zimejengwa kwa mawe hayohayo na kupigwa lipu ya chokaa. Jivu laongeza ukali uleule, na mmea ukizidiwa na chokaa hushindwa kuvuta madini ya chuma hata kama yamo udongoni. Tena vile vipande vya lipu vinavyobanduka ukutani na kuangukia matuta, viokote uvitoe.

Sasa chuma majani ya mchicha uyatazame mchana kweupe. Kama manjano yameanza kwenye majani machanga ya juu, na mishipa ya jani imebaki kijani, hiyo ni njaa ya madini ya chuma, na chanzo ni chokaa. Kama yameanza kwa majani mazee ya chini na jani zima limepauka, udongo hauna nguvu, wataka samadi. Ama hiyo sukuma iliyoungua pembeni, hapo sina haja ya kuuliza sana: ni chumvi. Kwaruza udongo wa juu kwa kidole. Ukikuta ukoko mweupe, ndiyo yenyewe.

Na chumvi hiyo yazidishwa na namna unavyomwagia. Ukinyunyiza kidogo asubuhi na kidogo jioni, maji hayashuki. Jua layanyonya, chumvi yabaki juu, na kesho waongeza nyingine. Mwagia kila baada ya siku mbili, lakini mwagia mpaka maji yapite chini ya mizizi na kuisukuma chumvi iende zake. Elekeza maji shinani, majani usiyaguse, kwa sababu tone la maji ya chumvi likikaukia juu ya jani huliunguza.

Ndiyo maana nafurahi umeniandikia sasa. Masika huanza kati ya Machi na Aprili, na Mei ndio mwezi wa mvua kubwa kwetu. Hakuna dawa ya chumvi inayoshinda mvua. Tifua matuta sasa, yaache wazi, usipande kitu mpaka mvua kubwa mbili tatu zimepita na kuyaosha. Kisha ndipo utie samadi. Ukiitia kabla, mvua itaondoka na chumvi pamoja na nguvu nyingi ya samadi.

Samadi wala hutaitafuta mbali, Lamu ina punda kila kichochoro. Ila mbichi usitie, huunguza mizizi na imejaa mbegu za nyasi. Irundike pembeni, iloweshe kidogo, ifunike kwa makuti, uipindue mara kwa mara kwa miezi miwili au mitatu. Ikiiva haina tena harufu ya zizi, yanukia udongo uliolowa, na ukiibana mkononi yashikana bila kutoa maji. Kama yako haijaiva, omba kwa aliye na rundo la zamani.

Na maji ya mvua yasikupite. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita 4 kwa 5 likipata mvua ya milimita 30 ni lita 600, na hata ukitoa yanayomwagika, 500 hukosi. Yale ya mwanzo yaache yaoshe bati. Pipa lifunike kwa kitambaa kizito, ulifunge kwa kamba, mbu wasizalie humo. Maji hayo ndiyo ya kuoteshea mbegu, kwa kuwa mche mchanga ndio usiostahimili chumvi. Mmea mkubwa wa sukuma au spinachi utavumilia kisima. Maharagwe hayatavumilia, usijisumbue nayo.

Imebaki kotmiri, ambayo naipenda kuliko mboga zote. Haikukosewa na chumvi peke yake. Ikiona joto kali hukimbilia maua. Ngoja mwisho wa Mei au Juni, mvua zipungue kishindo na kusi ilete ubaridi. Ile punje ya duara ni mbegu mbili zilizoshikana. Zimwage kwenye sinia, zipitishie chupa juu kwa mkono mwepesi mpaka zipasuke, ziloweke usiku mmoja. Zipande palepale zitakapokulia, kina cha sentimita 1, kwa kuwa ukiihamisha hushtuka na kutoa maua. Itaota baada ya wiki moja au mbili. Ipe jua la asubuhi na kivuli cha alasiri, jambo ambalo ukuta wa kiwanda chako utakufanyia bure. Chuma majani ya nje, moyo uache.

SWALI: Shikamoo Bibi. Niko Malindi. Nyanya zangu hunyauka mchana hata nikimwagia. Nimeng'oa mmoja, mizizi imejaa vinundu. *Kijana wa Muyeye*

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao ni minyoo wadogo wa udongoni, wasioonekana kwa macho, na mchanga wetu wawapenda. Mmea ulioshikwa haurudi. Ung'oe na mizizi yote, uichome, usiitupe kwenye rundo la mbolea. Hapo usipande nyanya, biringani wala bamia msimu ujao. Tia samadi iliyoiva kwa wingi. Kaskazi ikirudi na jua lake, lowesha tuta, lifunike kwa plastiki inayopitisha mwanga, uzike kingo zake, uliache wiki sita. Joto litawapunguza sana. Jembe nalo lioshe kabla ya kulipeleka tuta jingine.

SWALI: Bibi, vidukari wamejaa chini ya majani ya sukuma. Mkilifi (mwarobaini) wafaa? *Msomaji, Shela*

JIBU: Wafaa. Ponda kilo moja ya majani mabichi, loweka usiku kucha katika lita 5 za maji, chuja, tia sabuni ya maji kidogo ili dawa ishike. Nyunyiza jioni, maana jua huiua nguvu, na hakikisha inafika chini ya majani walikojificha. Mvua ikinyesha, rudia. Wakiwa wachache, wafute kwa kidole tu. Na ukiona vile vijidudu vya mgongo mwekundu wenye madoa meusi, waache, wanakula vidukari. Kabla ya kupika, osha mboga vizuri.